UZI: Kuzomea vijana wa bendi za gwaride huku Marekani. Tunajua tunamzomea nani?

#1 MzaziJukwaani (Indianapolis)

Wakuu salaam,

Kuna jambo linanikera na nimeona nilitoe hapa, maana humu wapo wazazi wengi wa Indiana, Ohio, Texas na kwingineko ambao watoto wao wameingia kwenye bendi za gwaride. Tunajikuta jukwaani Jumamosi baada ya Jumamosi, na hakuna aliyetufundisha namna ya kukaa pale. Jambo lenyewe ni kuzomea.

Kwa walio nyumbani nieleze kidogo. Mbali na bendi za shule, huku kuna vikosi vya ngoma na tarumbeta vya vijana, vinavyoshindana chini ya Drum Corps International, wengi tunaiita DCI. Fainali ya kwanza ilifanyika mwaka 1972 kule Whitewater, Wisconsin, na tangu 2009 fainali ziko hapa kwetu Indianapolis, ndani ya Lucas Oil Stadium, kila Agosti. Hakuna saksafoni wala filimbi: ni ala za shaba, ngoma, na wacheza bendera ambao pia hurusha bunduki za mbao na panga hewani na kuzidaka. Kijana akishafika miaka 22 basi, anatoka, hakuna kuongezewa msimu. Onyesho moja ni kama dakika 12, na kwa dakika hizo wanakuwa wamefanya kazi tangu majira ya baridi.

Kiangazi kilichopita nilikaa kwenye mashindano ya mkoa, si fainali. Kikosi kimoja kinachoshinda sana kikatoka na onyesho gumu kueleweka, lisilo na wimbo wa kuondoka nao mdomoni. Makofi yakawa machache, na hilo ni sawa kabisa. Lakini alama zilipotangazwa na kikosi kile kikawa cha kwanza, watu waliokuwa nyuma yangu wakazomea. Watu wazima, wamevaa fulana za vikosi vingine, wengine wana wajukuu mapajani. Na pale mbele, wakati wa kutangaza alama, wanaosimama ni dramu meja wa kila kikosi, yaani kiongozi wake wa uwanjani, vijana wa miaka 20, 21, wamenyooka kwa heshima, hawaruhusiwi hata kugeuza shingo. Ile sauti iliwapata wao.

Sasa nauliza, yule kijana kafanya nini? Onyesho hakulichagua. Lipo jopo la watu wazima wanaolipwa: anayebuni dhamira, anayepanga muziki, anayechora mwendo wa uwanjani, anayeshona mavazi. Kijana anakabidhiwa nota na orodha ya mahali pa kusimama kwa kila hesabu ya muziki, anaambiwa fanya. Alama nazo hakujipa, wametoa majaji. Na yeye ndiye aliyelipa, wala halipwi. Ada ya msimu mmoja kwenye vikosi vikubwa ni dola elfu kadhaa, analala kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule ya watu, anasafiri usiku kwa basi, asubuhi anaanza mazoezi juani hadi jioni. Tukiwa na hasira na wabunifu, tunampiga mtu mwingine kabisa.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha 1993, na kimetoka jirani hapa. Star of Indiana kilikuwa kikosi cha Bloomington, kama saa moja kusini mwa Indianapolis. Kilianzishwa na tajiri wa vifaa vya hospitali, Bill Cook, na mwaka wake wa kwanza tu, 1985, kikaingia fainali na kushika nafasi ya 10. Mwaka 1991 kikawa bingwa. Kisha 1993 kikaja na muziki wa watunzi Bartók na Samuel Barber, wenye sauti zinazogongana, na miili ya vijana inapinda na kukatika kwa namna ambayo uwanja ule haujawahi kuiona. Kiangazi chote walizomewa, mji hadi mji. Watu walisema si gwaride hili, watu walisema hawa ni watoto wa tajiri. Fainali ikawa Jackson, Mississippi: Cadets wa New Jersey 97.4, Star 97.3. Sehemu moja ya kumi ya alama! Msimu ule ukawa wa mwisho kwao DCI, wakageukia muziki wa jukwaani, na kazi ile baadaye ikazaa onyesho la Blast!, lililoanzia London mwaka 1999 na kufika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, mwaka 2001, likapata na Tony, tuzo ya maonyesho ya huko. Sisemi kuzomewa ndiko kulikowaondoa. Ninachosema ni kwamba leo vikosi karibu vyote vinatembea na kujipinda kwa namna iliyozomewa 1993, na mashabiki wanasimama kushangilia. Wabunifu walikuja kusifiwa. Kijana aliyekuwa na miaka 21 mwaka ule, msimu wake wa mwisho, alishaubeba na zomeo lake.

Naomba mawazo yenu, na hasa walio na watoto uwanjani.

#2 Mlipa Kiingilio (Houston)

Mkuu nimekusoma na nakuheshimu, ila sikubaliani.

Mimi natoa hela yangu. Tiketi, maegesho, soda ya bei ya ajabu, safari ya saa tatu. Nikiletewa kitu kibovu niwe nimefungwa mdomo? Makofi yana maana kwa sababu yanaweza kunyimwa, na kelele ya kukataa ni sehemu ya haki ya mtazamaji. Kule Milano, kwenye jumba la opera la La Scala, wale wa viti vya juu wanazomea waimbaji wakubwa wa dunia. Mwaka 2006 Roberto Alagna alizomewa katikati ya opera, akaondoka jukwaani, ikabidi mwenzake aingie na nguo zake za kawaida. Hakuna aliyesema La Scala ifungwe. Tena nadhani ndiyo maana wanaimba vizuri pale, wanajua wanaowasikiliza wana masikio.

Na hawa wa DCI si watoto wadogo. Miaka 19, 20, 21 ni watu wazima. Umri huo wengine wako jeshini. Tukiwafunika pamba watajuaje kama kazi haikupendwa?

#3 dada_wa_Atlanta

Naomba niingie na upande ambao mara nyingi unasahaulika.

Wanangu wamekulia kwenye bendi za vyuo vya Weusi, na huko mambo ni mengine kabisa. Southern ya Baton Rouge wakikutana na Jackson State, watu wengine wanakuja kwa ajili ya bendi, mpira ni wa ziada. Mechi ikiisha hakuna anayeondoka. Ile tunaiita robo ya tano: bendi mbili zinabaki, kila moja upande wake, na zinapigiana zamu kwa zamu. Kelele zipo, kejeli zipo, mashabiki wanataniana mpaka usiku. Ukikaa kimya pale watadhani unaumwa.

Na uwanja ule wa Jackson unaousema, Mzazi, uliofanyiwa fainali ya 1993, ndio huohuo Jackson State wanaochezea. Ni nyumba ya bendi yao, Sonic Boom of the South. Kwa hiyo msije mkaandika sheria ya adabu moja mkaieneza nchi nzima, mkasema wanaopiga kelele hawana ustaarabu. Nimeshasikia maneno hayo kutoka kwa watu wa bendi za "heshima", na huwa najua wanamaanisha nani.

#4 Bin Makadara (Mombasa)

Ndugu zangu, asanteni kwa uzi. Mie sijafika Amerika, lakini gwaride la tarumbeta na kushindana nalo si jambo geni pwani yetu.

Beni ilianza hapa Mombasa na Lamu mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakachukua sare, ngoma za kizungu, baragumu na vyeo vya kijeshi, wakafanya vyao. Hapa kwetu palikuwa na vikundi pinzani vya Kingi na Scotchi. Huko bara na Tanganyika ikaenea Marini na Arinoti, na askari wa Vita Vikuu vya Kwanza ndio walioisambaza mbali zaidi. Zilikuwa na mfalme, majenerali, masajenti, na zilikuwa na wafuasi wa kufa na kupona. Nyimbo za kumtia mwenzio aibu ndizo zilizokuwa utamu wenyewe. Mwaka huu wao wakupige dongo, mwaka ujao umetunga lako. Taarabu imerithi hayo, na mpaka leo mtu akirushiwa fumbo arusini hujua wiki ijayo naye ana wake.

Kwa hivyo huyu bwana wa Houston nikimsikiliza nasikia kitu ninachokijua. Watazamaji wa kwetu hawakuwa wa kukaa kimya mikono mapajani.

#5 MzaziJukwaani

Dada wa Atlanta na Bin Makadara, nashukuru sana, mmenifanya nifikiri upya, na nadhani mmenipa hoja niliyokuwa naitafuta.

Tazameni robo ya tano, kisha tazameni Kingi na Scotchi. Kote huko anayerushiwa maneno ana mdomo. Jackson State wakichekwa, wana tarumbeta mkononi na zamu yao inakuja dakika moja baadaye. Mwimbaji wa beni aliyetiwa aibu anarudi nyumbani kutunga. Hata watazamaji wanajibiwa na watazamaji. Ule ni mchezo wa wawili, na kila aliyeingia anajua sheria zake, anaingia kwa sababu anautaka. Dada, sina hata chembe ya kusema huko hakuna adabu. Adabu ipo, na ni kali: mwenzio akipiga, unamwachia zamu yake amalize.

Sasa mlete yule dramu meja wa miaka 20 amesimama kusubiri alama. Anajibu na nini? Desturi inamkataza kutikisika. Kikosi kikizomewa katikati ya onyesho, hakina wimbo wa kujibu mfukoni, kina nota zilezile za Desemba, na lazima ziendelee hadi mwisho kwa utaratibu uleule. Hapo ndipo ninaposhikilia. Kumtupia maneno mtu aliyefungwa mikono na mdomo si ushindani, na pwani wala Baton Rouge hawafanyi hivyo.

Mlipa Kiingilio, kuhusu La Scala: Alagna alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, analipwa kwa jina lake, na aliweza kugeuka akaondoka, kama alivyofanya. Kesho yake alizungumza na waandishi wa habari. Kijana wa uwanjani akiondoka, watu zaidi ya 100 wanaovuka njia yake kwa hesabu wanagongana. Na umri usikudanganye. Wengi wa vikosi vidogo, vile vya daraja la wazi, wana miaka 14, 15, 16. Jukwaani huwezi kumtofautisha ukiwa safu ya 40.

#6 Shaba na Jasho

Nimeshiriki kikosi kimoja misimu kadhaa hadi umri uliponitoa. Nimezaliwa Nairobi, nimekulia Minnesota. Naandika ili mjue kinachosikika chini, kwa sababu wengi jukwaani hawajui.

Kuzomea ukiwa katikati ya onyesho unakusikia kwa mbali. Kichwa kimejaa hesabu, mwendo, pumzi, mdomo unauma. Kinachoumiza ni mwisho, pale mnapopiga nota ya mwisho mkaganda na kimya kikaja, na ndani ya kimya kile sauti tatu au nne zinazomea. Zile sauti tatu unazikumbuka kuliko elfu waliopiga makofi. Nimewaona wenzangu wanalia ndani ya basi, na siku iliyofuata saa mbili asubuhi wako uwanjani wanarudia kipande kilekile, kwa sababu hawana uwezo wa kukibadilisha. Anayeweza kukibadilisha yuko kwenye jukwaa la juu na daftari, na wakati mwingine hakusikia chochote.

Lakini nitawaambia kitu ambacho ni kibaya zaidi kwetu kuliko kuzomea, na watu wanakifanya kwa mapenzi: kupiga makofi ya kufuata mdundo. Uwanja una kina cha karibu mita 49. Sauti haifiki papo hapo. Aliye mbele akiisubiri ngoma iliyo nyuma, inamfikia kwa kuchelewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwenye muziki wa kasi hiyo ni nota nzima. Ndiyo maana tunafundishwa nani amsikilize nani na nani amwangalie dramu meja pekee, asiamini sikio lake. Sasa ninyi mkisikia ngoma, mnapiga makofi, makofi yenu yanarudi uwanjani yakiwa yamechelewa mara mbili, na ni makubwa kuliko ngoma. Vikosi vimevunjika vipande viwili kwa upendo wa jukwaa. Shangilieni kwa kelele ya kawaida, pigeni mayowe, simameni, hiyo haina mdundo na haitudhuru. Makofi ya kuhesabu yaacheni hadi tuwaombe.

La pili ni mcheza bendera akiangusha bunduki. Uwanja mzima unatoa ule mguno wa "aaah". Mnamhurumia, najua. Yeye anausikia kama tangazo kwamba watu wote wameona. Nyamazeni. Akidaka rusho linalofuata, hapo mpigieni mayowe mpaka paa litikisike. Rafiki yangu mmoja aliangusha mara mbili usiku mmoja, akapata rusho la tatu, lile kubwa, na jukwaa likamlipukia. Mpaka leo anasimulia la tatu.

#7 Mgeni_Ohio

Samahani wakuu, nina swali la kweli. Mimi ni mgeni, nilipelekwa na jirani kwenye mashindano ya DCI na nikashangaa. Kikosi kimoja kiliingia tu, hakijapiga hata nota, watu wakaanza "uuuu, uuuu" uwanja mzima. Nikasikitika sana, nikasema wamewakosea nini hawa vijana? Nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote kuwafariji. Huyo jirani yangu naye akawa anafanya uuuu. Ndiyo huku kuzomea mnakokusema?

#8 Shaba na Jasho

Hapana Mgeni, pole sana. Hao bila shaka walikuwa Bluecoats, wa Canton huko huko Ohio kwenu. Mashabiki wao huita "Bluuu" kwa kuvuta, ni salamu ya mapenzi, na vijana wa Bluecoats wanaisubiri. Kwa mgeni inafanana na kuzomea kabisa. Makofi yako hayakuharibu kitu, endelea nayo.

#9 Mwalimu wa Paredi (Morogoro)

Wakuu, mimi ni mwalimu, nasimamia bendi ya shule na skauti. Vyombo vyetu ni vichache, vingine ni vya kuazima, lakini watoto wana moyo. Nimeusoma uzi wote.

Hapa kwetu mashindano na sherehe nyingi ni za mseto: bendi za shule, halaiki siku za kitaifa, watoto wa makanisa wa Watafuta Njia na gwaride lao. Nikiri kwamba kuzomea kupo, na wanaozomea mara nyingi ni wanafunzi wa shule pinzani, wamepangwa na walimu wao wenyewe. Nimeona mwalimu anainua mkono kama kiongozi wa kwaya, wanafunzi wanazomea. Mtoto wa darasa la sita anapuliza baragumu, midomo inatetemeka, sauti inakatika, wale wanacheka. Mtoto yule muhula unaofuata harudi. Sisi hatuna watoto wa kupoteza. Mpuliza baragumu mmoja anatuchukua mwaka kumtengeneza, na baragumu lenyewe ni moja.

Hoja ya Mzazi ya mtu mwenye mdomo na asiye na mdomo nimeielewa vizuri, na naona kwa watoto inakwenda mbali zaidi. Mtu mzima wa beni alijiunga mwenyewe. Mtoto wangu nimemchagua mimi, kwa sababu ni mrefu na anaweza kubeba ngoma kubwa. Akizomewa, amezomewa kwa uamuzi wangu.

Tulichofanya shuleni ni kuwaweka watoto wetu jukwaani baada ya kupiga, wakae na sare zao, watazame shule zote zilizobaki. Mtoto aliyetoka uwanjani sasa hivi, kifua bado kinapanda na kushuka, hamzomei mwenzake anayeingia. Anajua. Na wale wenzetu waliokuja kushangilia wanamwangalia yeye, wanafanya anavyofanya.

Ninalo swali kwa Shaba: kwenye vikosi vyenu, vijana wanaangalia wenzao?

#10 Shaba na Jasho

Mwalimu, ratiba mara nyingi hairuhusu, ukimaliza unavua sare, unapakia lori, unaondoka. Lakini tukipata nafasi tunakwenda, na huko ndiko utakapoona makofi ya kweli. Vijana wa vikosi vinavyogombea ubingwa wanapigiana mayowe kuliko mashabiki wao. Fainali za 2008, Phantom Regiment ya Rockford, Illinois iliishinda Blue Devils kwa 98.125 dhidi ya 98.100. Jukwaa likagawanyika kwa chuki kwa miaka. Ila sisi tuliokuja baadaye tulikuwa tunajifunza kutoka kwa vikosi vyote viwili, na hatukuwa na adui.

Blue Devils ndiyo wenye mataji mengi kuliko wote, 21 kati ya 1976 na 2023, na sehemu kubwa ya wanaozomea huwa wanaizomea rekodi hiyo. Kijana aliyeingia Blue Devils mwaka jana hana hata taji moja. Anazomewa kwa mataji ambayo mengine yalichukuliwa kabla hajazaliwa.

#11 Mlipa Kiingilio

Nimerudi. Nimesoma ya Shaba na ya Mwalimu mara mbili.

Bado nasema mtazamaji ana sauti yake. Sitasimama na kushangilia onyesho ambalo limeniboa, na nisilazimishwe kupiga makofi ya uongo, maana vijana wenyewe wanayatambua. Ila nakubali kwamba zomeo langu linamfikia asiyehusika, na anayehusika halimfikii. Hilo la dramu meja aliyekatazwa kutikisika limenigusa. Nina binti wa miaka 17.

Sasa niambieni, hasira yangu niipeleke wapi? Kwa sababu hasira ninayo. Kuna miaka najiona nalipia semina ya wabunifu wanaotaka kuwafurahisha majaji tu. Watu wamezungumza uwanjani kwa maikrofoni dakika nzima wakati nimekuja kusikia shaba. Tangu waruhusu vipaza sauti mwaka 2004 na vyombo vya umeme mwaka 2009, wakati mwingine sijui kama nasikia vijana au spika.

#12 MzaziJukwaani

Mkuu, hapo sasa tunazungumza. Na malalamiko yako mengi nakubaliana nayo, kwa taarifa yako. Mimi pia nataka shaba.

Kunyamaza ni haki yako kamili. Makofi mawili matatu ya heshima kwa kazi ya vijana, kisha ukae, huo ni ujumbe, na niamini, wabunifu wanaogopa ukimya. Kati ya alama 100 za DCI, 40 ni za mguso wa jumla wa onyesho, na jaji anayekaa juu ana masikio, anajua uwanja ukiwa umelala. Ukinyamaza wakati wa onyesho na ukalipuka kwa kikosi kinachofuata, umesema yote bila kumgusa mtoto wa mtu.

Kisha andika. Kila kikosi kina mkurugenzi na wabunifu wenye majina yanayojulikana, ni watu wazima wanaolipwa, na wana barua pepe. Waandikie wao kwa jina, useme usichokipenda na kwa nini. Wengi hujibu. Mimi niliandika mara moja kuhusu spika zilizokuwa zinafunika safu nzima ya tarumbeta, nikajibiwa kwa urefu na bila ukali. Na wewe ni mlipa kiingilio kweli, kwa hiyo unayo ile kura ya mwisho: mwaka huu usinunue tiketi ya kwao, nunua ya mashindano ya vikosi vidogo huko Texas. Wale wanahitaji watu jukwaani kuliko wote.

Kuhusu alama zikitangazwa na hukubaliani nazo, majaji wako hapo hapo uwanjani na hawajifichi, lakini zomeo la jukwaa halina anwani, linamwangukia aliye karibu. Subiri dramu meja waondoke. Ukifika kwenye maegesho sema unachotaka.

#13 dada_wa_Atlanta

Mzazi, nimeridhika na ulivyolijibu. Niongeze tu kwamba wageni wa kwetu wakija kwenye mashindano ya DCI, waambiwe mapema na kwa upole kwamba wakati wa vipande vya polepole watu hutulia. Nimewahi kuona mama mmoja anakemewa hadharani kwa sababu alimwita mwanawe kwa jina wakati wa kipande laini. Aliyemkemea alikuwa na kelele kuliko yeye. Mama yule hakurudi tena, na mwanawe alimaliza msimu bila mtu wa kwao jukwaani.

#14 MzaziJukwaani

Hilo limenisikitisha sana, na ni kweli, wanaojifanya walinzi wa adabu wanaweza kuumiza kuliko wanaozomea. Mgeni huelekezwa kwa kunong'onezwa, tena baada ya onyesho.

Kwa mliouliza kwa ujumbe wa pembeni kuhusu Novemba: ndiyo, fainali za kitaifa za bendi za shule za Bands of America ziko hapa Indianapolis kama kila mwaka, Lucas Oil, na zinachukua siku kadhaa. Hao ni watoto wa sekondari, miaka 14 hadi 18. Jambo la kujua mapema ni milango ya kuingilia jukwaani: bendi ikianza kupiga hamruhusiwi kupita, mnasubiri kwenye ujia mpaka imalize. Msigombane na wale wazee wa kujitolea wanaowazuia, wanawalinda watoto wenu wasitazamwe kupitia migongo ya watu wanaotafuta viti. Nendeni kununua chakula wakati bendi inatoka na nyingine inaingia, mna dakika chache tu, kwa hiyo mmoja aende na mwingine abaki. Njooni asubuhi, siyo jioni peke yake, kwa sababu bendi za asubuhi hupigia viti vitupu na wamesafiri usiku kucha kama hao wa jioni.

Mlipa Kiingilio, ukifika na binti yako nitafute. Nitakuwa na kundi la wazazi wa hapa, tunakaa upande wa juu katikati, ambako michoro ya uwanjani inaonekana yote.

#15 Mlipa Kiingilio

Tunakuja. Yeye anapiga tarumbeta la pili, na bendi ya shule yao imepangiwa asubuhi.